Karoti za Keti kwenye Saluni ya South Beach

Mimi si mtu wa safari. Mafinga nzima wananijua: cherehani yangu iko dirishani, nashona sare za shule, na nikitoka hapo hadi sokoni najihesabu nimetembea. Aliyening'oa ni mdogo wangu Agnes. Alijifungua mtoto wa kwanza huko Durban, Afrika Kusini, na hakuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto. Mama magoti hayamruhusu. Akaniangalia. Nikaangalia pembeni.

"Usiangalie huko," akasema. "Mwenye pasipoti ni wewe."

Ni kweli ninayo. Niliitengeneza kwa ajili ya kwaya yetu iliyotaka kwenda kuimba Malawi. Kwaya iliishia Makambako.

Mafinga niliondoka alfajiri kwa basi kuifuata ndege, na begi moja la nguo na moja la chakula: unga, dagaa, maharage. Niliambiwa chakula cha Afrika Kusini hakiliki, na aliyeniambia hajawahi kufika hata Mbeya. Uwanja wa ndege wa Johannesburg, dada mmoja mwenye glavu alifungua begi, akanusa wale dagaa, akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyefiwa, akawatupa. Maharage na unga navyo akatupa. Nikaingia ugenini na kanga zangu tu.

Durban nilifika mchana kwa basi jingine, nimevimba miguu. Shemeji yangu Joseph, dereva wa malori kule Clairwood, alinipokea akanipeleka Glenwood, mtaa wenye vilima na nyumba za zamani zenye dari za juu, ambamo watu wanapanga chumba kimoja kimoja, wanafunzi wengi. Agnes na Joseph wana vyumba viwili. Chumba cha mwisho kwenye korido anakaa Mmarekani.

Nilimkuta jikoni. Msichana mrefu, suruali imetoboka magotini, anaosha majani.

"Shikamoo, dada," akasema. "Karibu sana. Pole na safari. Wazazi hawajambo?"

Kiswahili kilichopigwa pasi! Changu, ukikiweka pembeni yake, kimetoka kwenye mfuko wa mitumba.

"Huyo ni Keti," Agnes akaniambia chumbani. "Anasoma digrii ya tatu."

"Na mbili za kwanza zilikuwa na kasoro gani?"

Wiki hiyo ya kwanza sikufanya kazi nyingine zaidi ya kumkanda Agnes na kushtuka. Nilidhani Mmarekani ni mtu wa gari na kitanda cha futi sita. Huyu analala kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Nguo zake ni za mitumba, na akipata yenye tundu anafurahi. Asubuhi anatoka anakimbia kupanda kilima, hakuna anayemfukuza, anarudi amelowa jasho na anacheka. Kwenye friji ameandika jina lake juu ya mayai, yai moja moja, kama watoto wanaokwenda kambini. Mama yake mzazi anaongea naye kwa miadi. Nilimsikia akisema, "Jumapili sina nafasi, Mama, tupange Jumanne." Ningemwambia hivyo mama yangu, Jumanne ningekuwa nimeshazikwa.

Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa machozi yake. Siku moja nilimkuta ameinamia kompyuta, pua imekuwa nyekundu.

Akanieleza. Kitabu chake cha digrii kilikuwa kinahusu akina mama wa Kongo wanaosuka nywele mjini: wanavyojenga maisha ugenini, wanavyolea watoto mbali na mama zao. Kwa miezi alikuwa anakwenda saluni moja ya South Beach. Wanampa kiti, wanamchekea, hawamwambii kitu. Mwalimu wake wa Marekani amemwambia kama hadi mwisho wa mwezi hajapata hata mtu mmoja wa kuongea naye, aache kazi hiyo na kurudi nyumbani.

"Labda siulizi vizuri," akasema.

"Labda unauliza," nikasema. Nilikuwa natania tu, maana mimi nilijua nini?

Kesho yake Agnes alinifukuza nyumbani. "Dada Mage, toka. Unanuka kitunguu na unahesabu mayai ya watu. Nenda na Keti ukaone bahari." Bahari niliiona, kubwa, inatosha. Kisha tukaingia saluni, chini ya ghorofa moja refu ambalo kila kibaraza kimeanikwa nguo.

Mwenye saluni ni Maman Solange, mtu wa Lubumbashi, mnene, sauti ya kanisani. Msaidizi wake ni Fifi, kucha ndefu, ulimi mrefu zaidi. Tulisalimiana, nikapewa kiti, Keti akapewa chake karibu na mlango. Ikafika saa ya kula. Fifi akaleta bukari, ndiyo ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, kimepikwa na mawese. Wote wakanawa, wateja wenye nywele nusu nao wakasogea.

"Karibu, Keti," Maman Solange akasema.

"Asante sana, Maman. Nimeshiba."

Akafungua mkoba, akatoa kikopo, akaanza kutafuna karoti mbichi. Kru, kru, kru. Pale mlangoni, peke yake, daftari mapajani.

Nilishtuka hadi tonge likanikwama. Aliyeshiba anakula karoti? Nikageuka nikamwangalia kila mtu, kila mtu akiangalia sombe.

Keti alipotoka kupokea simu, Maman Solange akaniegemea. "Mage, ule mtoto iko na shida gani? Miezi yote hakulake kwetu. Anakuya, anakaa, anaandika. Unajua nani mwingine anakuyaka na kalamu na hakulake? Watu wa vibali."

"Sungula wa uhamiaji," Fifi akasema.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi bila kuniomba ruhusa. "Hapana, Maman. Msichana ana vidonda vya tumbo. Vikali. Anaona aibu kusema."

Kote saluni wakasema "Ooo." Fifi akaweka mkono kifuani. Nikajiona mwanadiplomasia.

Njiani kurudi nilimuuliza Keti kwa nini hali. Akaniambia chuo chake kina kanuni: usipokee kitu kwa watu unaowachunguza, usije ukawaelemea, maana kipato chao ni kidogo. Amesaini.

"Mpaka sombe?"

"Mpaka sombe," akasema, na macho yake yalionyesha kuwa sombe anaitaka sana.

Nilishtuka upya. Nilikulia kwenye nyumba ambayo ukikataa chakula unaulizwa una ugomvi na nani. Kumbe huko kwao watu wenye digrii walikaa mezani, wakaandika kwamba heshima ni kukataa. Kuhusu vidonda nikanyamaza. Nilifikiri vitapona vyenyewe.

Ijumaa nilirudi saluni na Keti, kusuka, maana Agnes aliapa hatapiga picha na kichwa changu. Fifi alikuwa amemaliza upande wa kulia, rasta ndefu hadi kiunoni, Maman Solange alipotoka nyuma na bakuli. Uji mweupe, laini. Na chupa ya dawa ya majani, nyeusi kama oili ya lori la Joseph.

"Keti, mwanangu. Tulikuombea Jumatano, kanisa nzima. Sasa kunywa. Hii dawa ilimponyesha mjomba wangu."

"Ilinipona nini, Maman?" Kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kilipata mkunjo.

"Vidonda vya tumbo. Usione haya, Mage alituambia."

Keti aligeuka akaniangalia. Nilijitahidi kuangalia dari, lakini Fifi alikuwa ameshika nywele zangu.

Ningekuwa mimi, ningekunywa. Ningekunywa na dawa, na chupa ningeilamba. Keti akasimama. Shingo ikawa nyekundu.

"Maman, mimi sina vidonda. Mimi ni mzima. Chuo changu kimenikataza kula chakula chenu, nami nimeahidi. Wanasema mna kipato kidogo, nisiwapunguzie. Samahani. Ningepaswa kuwaambia siku ya kwanza."

Mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. Nilisikia uji ukipoa.

"Kipato kidogo," Maman Solange akarudia taratibu, akiliangalia bakuli. "Mimi ninasomesha watoto wanne."

"Tuko panya ya laboratwari," Fifi akasema. "Panya haipikiake daktari."

"Na wewe Mage," Maman akanigeukia, "Mungu wako ni yule yule wetu? Kanisa nzima ilifunga!"

Keti akachukua mkoba akatoka. Nami nikamfuata, kwa sababu niliogopa kubaki. Hivyo ndivyo Durban ilivyonijua: upande mmoja malkia, upande mwingine mtu aliyetoka kupambana na kuku. Kwenye taksi ya kwenda Glenwood, ambayo kule ndiyo daladala, mtoto mdogo alinizungushia macho kichwa kizima, akamuuliza mama yake jambo kwa Kizulu. Mama akajibu neno moja tu la kusikitika, "Eish."

Nyumbani Keti alianza kupanga begi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

"Nimeharibu," nikasema.

"Hapana, dada Mage. Nimeharibu mimi, miezi yote. Wewe umekuja juzi."

Jumamosi asubuhi sikuwa na hiari. Kichwa nusu hakiwezi kukaa. Nilirudi South Beach nimefunga kitambaa, na hotuba ya kuomba msamaha niliyoifanyia mazoezi kwenye taksi. Maman Solange hakuniruhusu hata nianze.

"Kaa." Nikakaa. Akasuka yeye mwenyewe, na alivuta. Machozi yalinitoka, sijui ya toba au ya ngozi. Katikati akasema: "Nimefikiri. Watu wa vibali hawatuambiake kitu usoni. Ule mtoto alisimama akasema maneno mabaya yote mbele yetu, anatetemeka. Sasa muambie: kama yeye hawezi kula kwetu, sisi tutakula kwake. Jumatatu. Apike. Tuone kama anaogopa sufuria."

Nilivuka mji mzima na habari hiyo. Keti aliketi juu ya begi lake, akafikiri, kisha akampigia mwalimu wake Marekani. Alimwita kwa jina lake la kwanza, profesa mzima, kama anamwita mtoto wa jirani! Akamuuliza kama ile kanuni inakataza kupika. Nikasikia mahali fulani Marekani mtu anapekua karatasi. Haikukataza. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba watakaochunguzwa wangedai chakula.

Jumapili yote Keti alipika mapishi ya bibi yake. Nilikaa jikoni kama askari. Nyama ya kusaga, sawa. Maharage, sawa. Pilipili, sawa. Kisha akatia mdalasini. Kisha, ninaapa mbele ya Agnes na mtoto wake, akatia chokoleti.

"Keti! Kwenye maharage?"

"Bibi anatia."

"Bibi anaumwa?"

Akamwaga yote juu ya tambi, na juu yake jibini. Nikamwambia Agnes, kesho tutafukuzwa nchini.

Jumatatu mchana lile sufuria lilikaa katikati ya saluni. Karibu yake Maman Solange aliweka lake. Wakanawa. Keti hakukaa mlangoni. Alisimama akiwaangalia midomo, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Maman alichota, akatafuna, akaacha kutafuna, akaangalia mbinguni.

"Ni nini hii tamu?"

"Chokoleti, Maman."

"Seigneur, Bwana wangu." Akachota tena. "Fifi, kula, usiwe panya."

Fifi akala. Wateja wakala. Nilimwona mmoja akificha jibini chini ya kiti, lakini sufuria liliisha. Mimi nikacheka sana, nikamwambia Keti sasa amefaulu. Ndipo Maman akafunua sufuria lake mbele yangu. Halikuwa na sombe.

Viwavi. Weusi, wanene, wamekaangwa na nyanya, wananiangalia.

"Hii ni yako, Mage. Wewe hauna kanuni ya chuo. Ao iko na vidonda?"

Nilivitamani vile vidonda, wallahi, kwa moyo wote. Nilivitafuta tumboni, sikuviona. Nikafumba macho, nikala. Cha kwanza nilikimeza kama dawa ya malaria. Cha tatu, nasema ukweli ingawa unaniaibisha, nilikitafuta mwenyewe.

Nilipofumbua macho, kwenye sahani ya Keti, kando ya tambi zake, kulikuwa na tonge la bukari na kijiko cha sombe. Sikuona vimefikaje. Keti naye aliviangalia, akamwangalia Maman, ambaye alikuwa ameangalia barabarani. Keti alikula nini, asiniulize mtu. Chuo chake hakijaniandikia, na mimi nilikuwa nashughulika na viwavi.

Maman Solange akanawa, akajifuta, akavuta kiti cha pale mlangoni akakiweka ubavuni kwake, akakipigapiga. "Kuya hapa. Daftari iko wapi? Nilitoka Lubumbashi na mtoto mgongoni na kitana kimoja. Andika, kitana kimoja."

Keti aliandika mpaka taa za barabarani zikawaka. Mwisho wa mwezi ulipita, na begi lake lilikuwa limerudi tupu juu ya kabati.

Mafinga nilirudi Agnes alipoweza kujibebea ndoo. Nilikwenda nikiamini najua mtu anayekataa chakula maana yake nini, nikarudi sijui tena. Mwingine ana dharau, mwingine ana hofu, mwingine amesaini tu karatasi na tumbo linamlia. Nimejifunza kumuuliza mwenyewe, na kuacha kumbunia magonjwa.

Kwenye begi nilikuwa na mfuko wa viwavi vikavu, zawadi ya Maman, na safari hii hakuna aliyenusa. Nikavikaanga na nyanya, nikaita majirani waje wasikie habari za safari. Habari walizisikia zote. Kufika kwenye sufuria, mmoja alikuwa ameshiba, wa pili alikuwa anawahi mtoto, na Mama Upendo, ambaye nimemwona akila mfupa wa ng'ombe mpaka ukaomba msamaha, akashika tumbo.

"Mage, mwenzio nina vidonda."

Sikubishana. Nikamsogezea kigoda, mwiko na sufuria tupu. "Basi pika wewe," nikamwambia, "mimi nitakula."

Akanitazama. Akatazama viwavi. Kisha akauliza unga uko wapi.