Dereva wa Angani na Kipande cha Baba Mdogo

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni kwangu hapa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, nikimenya viazi, binti yangu akaingia na simu mkononi na uso wa mtu aliyebeba habari za msiba. Kumetoka filamu mpya ya ule mfululizo wa vyombo vya angani ninaoupenda tangu utotoni, na wenye filamu wametangaza kwamba vitabu vyote vilivyoandikwa kando yake zamani, riwaya na katuni, havitambuliwi tena.

"Mum, hizo vitabu zako zimetolewa kwa story," akasema. "Hazihesabiki. Rubani alikufa tu."

Nilicheka, nikamwambia achukue kisu cha pili anisaidie viazi. Nawe rafiki yangu, kama una nafasi, keti hapo karibu na jiko. Kuna watu wanaoweza kuniambia kitabu hiki kinahesabika na kile hakihesabiki, lakini hao hawakuwahi kukaa kwenye gunia la kahawa na nyanya yangu.

Aliyenitia katika mambo hayo ni baba mdogo, ndugu yake baba na kitinda mimba wa nyanya. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa mzaha, shati lake likinuka dizeli hata akitoka kuoga. Akifika Embu alinipeleka kwenye kibanda cha video nyuma ya soko, tukakaa kwenye benchi la mbao, jua likipenya kwenye matundu ya mabati. Hapo ndipo nilipomwona rubani wa chombo cha mizigo akiwaokoa wenzake, kisha chombo chake kikamezwa na giza. Filamu ikaishia hapo. Watu waliinuka wakajipangusa suruali wakaenda zao, mimi nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Baba mdogo aliniambia madereva hawaliliwi ovyo. Watu wa kazi ile huchelewa, akasema, na kawia ufike. Safari iliyofuata alinishushia kitabu kisicho na jalada alichokiokota kwa wauza vitabu vya mitumba huko Nairobi. Ajabu ni kwamba kilianza pale pale filamu ilipoishia. Nikajua kwamba filamu ilikuwa mlango tu, na nyuma yake kulikuwa na nyumba nzima. Kuna waliokuwa wameandika rubani alilelewa na nani, aliwahi kumpenda nani, na jinsi alivyokuwa hai upande wa pili wa giza akitafuta njia ya kurudi. Tangu siku hiyo kila safari ilikuwa na chake, mara riwaya, mara katuni yenye kurasa zilizoliwa na panya, nami nikawa msichana pekee mtaani aliyejua mambo ya huko juu kuliko mwenye kibanda cha video.

Desemba shule zikifungwa tulipanda kwa nyanya, juu huko kwenye baridi na migomba. Desemba kwetu ilikuwa kahawa. Asubuhi ilikuwa kuchuma, vidole vikinata, na mchana kubeba magunia hadi kiwandani. Pale hakuna aliyeruhusiwa kusogea kwenye mizani kabla ya kuchagua. Kila familia ilimwaga kahawa yake juu ya gunia lililokunjuliwa, wanawake wakanyoosha miguu, wakaanza kutoa mbichi, kavu na zilizotobolewa na wadudu, zikabaki nyekundu tupu. Kutoka mferejini ilikuja harufu ya maganda yaliyochacha, tamu na chungu kwa pamoja, na kati yetu palikuwa na nduma za kuchemsha na uji wa wimbi. Kazi ile huchukua mikono na macho, midomo inabaki bila ajira.

Nyanya aliniachisha kuchagua mapema. Alisema vidole vyangu ni vipofu, kwamba nikimsaidia, karani wa mizani atamrudishia gunia zima. Basi akaniambia nisome. Nilikuwa nikisoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiembu kwa mdomo, na palipokosekana neno nilichukua lililo karibu. Chombo cha angani kikawa lori. Rubani akawa dereva, maana nyanya alisema anayepeleka mzigo wa watu ni dereva, apite juu au apite chini. Yule roboti wake wa chuma, aliyekuwa akirukaruka nyuma akikagua injini, wanawake wote walikubaliana kwamba ni taniboi, utingo wa lori, na walimhurumia kwa sababu mataniboi hawapewi chakula kizuri.

Maswali yao mwandishi hakuwa ameyafikiria kabisa. Walitaka kujua dereva ni wa ukoo gani, na mama yake analimiwa na nani wakati hayupo. Jirani yetu, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alihama kutoka upande wa pili wa uwanja ili asikie vizuri, na kahawa yake ilichelewa mizani kila wiki.

Kisha baba mdogo akapata mzigo wa kwenda Kongo, na kimya kikaingia.

Desemba hiyo hakukuja kitabu. Mwenye lori alisema gari lilionekana mara ya mwisho ng'ambo ya mpaka, halafu hakuna aliyejua zaidi. Nyanya hakulia mbele yetu. Ila babu kabla hajafa alikuwa amemwonyesha kila mwana kipande chake cha shamba, na kipande cha baba mdogo, kile cha chini karibu na mto, kilianza kuota magugu. Baba mkubwa, kifungua mimba wa nyanya, alikuwa na wavulana watatu wanaokaribia kuoa. Hakuwa mtu mbaya, rafiki yangu, nisieleweke vibaya. Ardhi yetu imekuwa nyembamba, na mtu mwenye wana akiona shamba limelala anaumwa. Baba yangu hakutaka kuingilia.

Baba mkubwa akaja na mzee wa ukoo. Walipewa uji, wakazungukazunguka kwa maneno mazuri, mwishowe wakasema kipande cha mto kigawanywe, maana aliyekwenda hakwenda kwa kurudi. Nyanya aliwasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kuna dereva mmoja ambaye habari zake hajazimaliza, wa kwenye kitabu cha mtoto, na moyo wake hauwezi kushughulikia madereva wawili kwa mpigo. Kitabu kikiisha, warudi waongee. Mzee wa ukoo alicheka hadi akaweka kikombe chini, akamwambia baba mkubwa kwamba kitabu hakiwezi kuwa kirefu hivyo.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikisikia yote, na kitabu nilikuwa nimekwisha kukimaliza. Kile cha mwisho alichoniletea baba mdogo kilimwacha rubani amekwama kwenye kivuli cha nyota iliyokufa, na ukurasa wa nyuma ulisema hadithi inaendelea katika kitabu kingine. Kingine sikuwa nacho. Hakuna mtu Embu nzima aliyekuwa nacho.

Basi nikakitunga, na hadi leo najivunia kazi ile. Nilifungua kitabu kile kile, macho kwenye kurasa, na mdomo ukaenda zake. Dereva aliomba mafuta kwa watu wenye macho manne. Alifungwa, akaachiliwa, akafanya vibarua kwenye sayari ya chumvi ili apate nauli. Taniboi aliugua kutu akapona. Jirani yetu aliuliza siku moja mbona picha ya ukurasa huu ni ile ile ya wiki jana, na nyanya akamwambia atazame kahawa yake, kuna mbichi imepita. Ndipo nilipojua kwamba nyanya anajua. Likizo zikaja zikapita, dereva bado yuko njiani, na kipande cha mto hakikuguswa.

Siku moja baba mkubwa mwenyewe alinifuata chini ya mikahawa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo mimi nilikuwa na jina la mama yake, na hata akiwa amekasirika alilazimika kuniita mama.

"Mama," akasema, ameshika kofia, "hiyo kitabu itaisha lini?"

"Bado amekosa mafuta," nikamjibu.

Ningekuwa na jina lingine, nadhani ningechapwa. Akavaa kofia yake akaondoka.

Baba mdogo alirudi mwezi wa Aprili, msimu ule mdogo wa kahawa. Hakupitia nyumbani, maana alijua siku ile mama yake atakuwa wapi. Aliingia lango la kiwanda amekonda, mguu mmoja unavuta, mkononi mfuko wa plastiki. Lori lilikuwa limechomwa huko, akalazwa miezi mingi kwa wamisionari, na baadaye akapasua mbao mpaka akapata nauli. Hayo alituambia baadaye. Pale kiwandani karani aliacha mizani ikining'inia, jirani yetu akainuka, kahawa yake ikatawanyika uwanjani. Nyanya alisogea kwenye gunia, akampa mwanawe nafasi.

"Umekula?" akamuuliza.

Akasema hajala. Nyanya akammenyea nduma, vipande vikaanguka kwenye kahawa asivione. Kesho yake asubuhi baba mkubwa alishuka mtoni na panga, peke yake, akafyeka yale magugu yote kwenye kipande cha ndugu yake. Hakuna aliyemtuma.

Leo ukipanda huko juu utakuta mikahawa mingi imeng'olewa, watu wamepanda makadamia au wamejenga vyumba vya kupangisha. Uwanja wa kiwanda umeota nyasi, na wanawake wa magunia wamelala kaburini karibu wote. Nawakumbuka kila ninaposikia mtu akisema hadithi ni ya mwenyewe aliyeiandika.

Kitabu kile kilichokosekana nilikipata baadaye, nikiwa chuoni Nairobi, kwenye vitabu vya barabarani. Nilikisoma nimesimama. Rubani anakufa mwanzoni kabisa, kwenye kivuli kile kile cha nyota, hata kabla mtu hajaanza kumtafuta. Likizo ilipofika nilimkuta nyanya uani akipepeta maharagwe, naye baba mdogo tulimsikia huko mtoni akiwafokea mbuzi. Nikamweleza nyanya ukweli jinsi kilivyoandikwa.

Alipepeta kidogo, akapuliza maganda.

"Huyo mwandishi," akasema, "hakuwa na shamba la kumwekea mtu."