Ukuta wa Karatasi

Kikundi chetu cha maigizo pale Msambweni hakikuwa na uwezo wa kununua mbao, seuze kumlipa mchoraji. Tulikuwa na fremu za miti ya mivinje, magunia ya mchele tuliyoyafumua tukayashona upya, na ukumbi wa kuazima. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza mandhari, yaani kile kinachosimama nyuma ya waigizaji. Mchezo ulihusu bibi harusi aliyekataa kutoka chumbani, na chumba chenyewe kilitakiwa kiwe cha nyumba kongwe ya mawe.

Nilianza kwa kuchora mawe juu ya gunia. Ukiwa karibu yalipendeza. Ukirudi benchi la nyuma, uliona shuka lenye madoa. Ndipo nikapata wazo la kuuazima uso wa ukuta wa kweli. Niliroweka magazeti, nikayatwanga kinuni, nikayachanganya na uji wa wanga wa muhogo na unga wa mbao kutoka kwa seremala. Ukutani natandika nailoni nyembamba nisiuharibu, kisha naukandamiza ule mseto kwa viganja. Ukikauka unabanduka kama ganda, na kila tundu la jiwe la matumbawe limo.

Nyumba niliyoitaka ilikuwa Kinondo. Paa la makuti lilikwisha zamani, lakini kuta zilisimama na mlango ulifungwa. Nilimuulizia mwenye nyumba, nikaonyeshwa mzee mmoja mwenye kanzu ya kijivu na pengo la jino la mbele.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba ni yangu, fanya kazi yako. Ila uje asubuhi, watu wakiwa mashambani. Na ukiulizwa, sema wewe mgeni tu, hujui kitu."

Maneno hayo hayakunikaa vizuri. Mtu mwenye nyumba yake anaficha nini? Lakini siku ya mchezo ilikuwa karibu, nikaenda asubuhi kama alivyotaka. Alinifungulia, akasimama mlangoni akitazama njiani zaidi kuliko alivyonitazama mimi. Nilipokuwa nikibandua vipande vya mwisho, wanawake wawili waliokuwa wakitoka kuchota maji walisimama wakachungulia. Hawakunisalimu. Huku kwetu, mtu akikupita bila salamu, ujue amekwisha kukupa jina.

Vipande nilivishona kwenye gunia, nikavipaka chokaa, nikavififiza kwa masizi na udongo mwekundu. Tulipousimamisha ukuta huo ukumbini, hata kiongozi wetu aliugusa mara mbili kabla ya kuamini.

Alasiri moja tukiwa mazoezini, mama mmoja mtu mzima alipiga hodi. Vumbi la safari lilikuwa limeganda kwenye pindo la buibui lake.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Nimeambiwa mtu wa hapa anakandika nyumba yetu."

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ukatoa sauti ya boksi tupu.

"Ni karatasi, mama," nikasema.

"Karatasi naiona. Nauliza, nani aliyekufungulia?"

Kiongozi wetu alinikonyeza ninyamaze. Nami nilikuwa na shaka zangu. Mmoja alisema nyumba yake, huyu anasema yetu, nimwamini nani?

"Uniwie radhi, mama. Wewe ni nani katika nyumba ile?"

Alinyoosha mkono hadi kwenye shubaka, lile tundu la ukutani la kuwekea taa, ambalo nililipata zima kwenye karatasi. Kando yake kulikuwa na mikwaruzo niliyodhani ni nyufa.

"Baba alitusimamisha hapa kila Idi, akatupima kwa msumari," akasema. "Huu ni mimi. Huu wa juu ni kaka yangu."

Nikamweleza habari ya kanzu ya kijivu na pengo la jino. Alijiketisha kwenye benchi taratibu.

"Mimi nimeolewa Mkongani, na miguu hii hainipeleki mbali tena. Kaka aliniambia nyumba imeanguka, hata msingi hauonekani. Juzi jamaa akaniletea habari kwamba kuna msichana anakandika kuta. Nikajiuliza, ukuta ulioanguka unakandikwaje?"

Asubuhi iliyofuata aliniomba nimsindikize. Tulimkuta kaka yake uani pamoja na wanaume wawili wageni, wakipima kwa utepe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alinitazama mimi kwanza. "Huyu ndiye aliyekuleta?"

"Sikuletwa. Nimekuja kwetu."

Wale wageni waliukunja utepe, wakaaga. Kaka alisema alikuwa akitafuta kwanza mnunuzi mwema, kisha angewaita ndugu wote wagawane. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho. Alizunguka nyumba nzima akigusa kila ukuta, kama mtu anayehakikisha hadanganywi tena, akaniambia twende.

Ukoo ulikaa kikao, na uuzaji ukasimama. Mimi sikutulia. Nilihofia yule mzee angekuja kuuchana ukuta wangu kwa hasira, na kila nilipofika ukumbini niliukagua kabla ya kuvua viatu. Siku ya mchezo mama yule aliketi mbele, na macho yake hayakumfuata bibi harusi hata kidogo. Katikati ya mchezo nilimwona kaka yake mlangoni, amesimama na mikono nyuma. Nilijisogeza karibu na mandhari nikabaki hapo. Alitazama ukuta, kisha akaondoka. Mpaka leo sijui alifuata nini.

Nyumba haijauzwa. Nilipopita Kinondo hivi karibuni niliona mlango umetiwa kufuli mbili, moja ya kaka na moja ya dada, na jirani akaniambia hakuna anayeingia bila mwenziwe.