Boriti za Wafalme wa Uskoti

Harufu ya chokaa mbichi ndiyo iliyotawala msimu ule, kwa kuwa baba yangu, fundi wa nyumba za mawe Mombasa, alikuwa akitengeneza dari ya mwalimu wa kike aliyetoka Uskoti. Mimi na mdogo wangu Mwanaisha tulimpelekea baba chakula cha mchana. Mwalimu alipomwona baba akipaka boriti rangi nyekundu, alileta kitabu kikubwa chenye picha za majumba ya wafalme wa kale wa kwao: minara ya mawe, na dari za mbao zilizochorwa matunda, ndege na wanawake wenye mabawa. Alitueleza kwamba wanawake wale ni mifano tu, huyu Elimu, yule Haki. Na kwamba ubavuni mwa boriti ziliandikwa methali, ili wageni wa mfalme wale chakula huku wakisoma.

Methali nilizijua mimi kuliko mtoto yeyote mtaani. Lakini aliyeuliza herufi zile husomwaje ni Mwanaisha, na ndiye aliyekalishwa kitini akafundishwa, mimi nikiosha sahani. Haukupita mwezi, mwalimu akamwomba baba ampeleke shule. Mama alikwishafariki, na baba hakuamua jambo la wasichana bila kuniuliza mimi mkubwa. Nikamjibu kwamba Mwanaisha anafundishwa kuwainamia kwa ibada wale wanawake wenye mabawa. Baba alikusanya vifaa vyake siku ileile. Dari ikamalizwa na fundi mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa ndugu yangu nilikuwa mimi.

Sasa naishi Dubai, mtaa wa Al Nahda, kwa mjukuu wangu Salma, anayefanya kazi hotelini mtaa wa Garhoud huku akisomea majengo ya kale. Juzi alinionyesha dari zilezile kwenye simu, akanisomea methali zake kwa wepesi wa mtu anayetafuna karanga. Nilimwonea wivu, wala sioni haya kusema. Nikamwamuru ampigie simu Mwanaisha kule Mombasa, nikaungama.

“Nilikuwa nyuma ya mlango, Dada, nilikusikia,” akasema. “Na uongo wenyewe haukuwa na akili. Nani huinamia kitu kilicho darini?”

Kisha akaniuliza joto la Dubai likoje.

Zamani neno moja la dada lilitosha kumfungia msichana mlango. Leo Salma hamwombi mtu ruhusa ya kusoma. Mwanaisha hakupata shule, wala mimi. Ila yeye alilibeba neno langu miaka sitini bila kunirushia usoni, ilhali mimi nilishindwa kumvumilia herufi chache. Hata kwa hilo namwonea wivu.