Maneno ya Giza ya Mwalimu Jirani

Juzi nilikuwa Old Korogwe, barazani kwa ndugu zangu, umeme ukakatika jua likiwa ndiyo kwanza linazama. Wenzangu wakawahi kuwasha tochi za simu. Nikawaomba wazizime kidogo. Walinicheka, lakini walizima, nami nikalitazama giza likiingia taratibu kutoka upande wa mto, kama lilivyoingia nilipokuwa msichana mdogo.

Jirani yetu wakati ule alikuwa mwalimu mstaafu, mtoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, waliotoka bara wakasahau kurudi. Mapadri walimfundisha Kilatini, na ingawa upadri ulimshinda kwa sababu alipenda kuoa, kama alivyosema mwenyewe, Kilatini hakikumtoka. Mkewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na michungwa. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kumsugulia chemni, kioo cha taa ya mafuta, kwa majivu na kumpelekea bada, ugali wa muhogo, na kisamvu alivyopika bibi yangu.

Jioni moja alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatapakaa mezani, naye akaendelea tu kumimina. Aliposikia nimeshtuka, akaweka birika chini.

"Umeona, eeh? Basi usimwambie mtu. Mwanangu akijua macho yanakwisha atanihamishia kwake Handeni. Na mwenzangu pale michungwani nitamwacha na nani?"

Nikaapa. Tangu hapo nikawa macho yake, na malipo yangu yakawa maneno. Tukikaa mlangoni ananiuliza naona nini, namwambia kuku wanaingia bandani, mchungwa wa mbali haueleweki. Naye ananipa neno la Kiingereza la giza la saa hiyo, yale ambayo Waingereza wenyewe, alisema, wameyafungia kabatini. "Crepuscular" ni la utusitusi wa jioni. Mzizi wake ni creper ya Kilatini, kitu chenye shaka, maana saa hiyo huna hakika anayekuja ni nani. "Caliginous" limetoka kwa caligo, ukungu mweusi, na Warumi walilitumia pia kwa jicho linalofifia. La mwisho lilikuwa "tenebrous", kutoka tenebrae, giza lenyewe. "Warumi walilitaja kwa wingi siku zote," alisema. "Walijua haliji moja." Miezi ilivyopita, lile neno la kwanza aliacha kulitaja, akawa anaanzia kwenye "tenebrous" hata jua likiwa bado lipo. Nilielewa, nikaogopa, nikazidi kusugua chemni kana kwamba kioo ndicho chenye kosa.

Bibi hakuwa mjinga. Akipakua bada alikuwa akiniangalia usoni na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mimi macho yangu kwenye sufuria.

Mwana wa mwalimu alikuja kutoka Handeni bila taarifa, siku ya gulio, jua kali. Nadhani alikuwa amekwisha kusikia minong'ono, maana hakutoa hata shikamoo. Alisimama mbele ya baba yake akamnyooshea mkono, kimya. Mwalimu alimgeukia akitabasamu.

"Karibu," akasema. "Nani mwenzangu?"

Mkono ukabaki hewani. Nilitaka kukohoa, nimtaje mgeni, nifanye lolote. Yule mtu mzima akaangua kilio mlangoni pa baba yake.

Kesho yake walimpakia kwenye gari. Kwanza aliomba apelekwe kaburini, akakaa huko peke yake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Gari lilipowaka akatoa mkono dirishani, akapunga kuelekea mlango wa jiko letu, akidhani nimesimama pale. Nami nilikuwa ubavuni mwa gari, karibu kabisa na kiwiko chake. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilikimbia, nikazunguka gari, nikasimama mlangoni pa jiko, nikapunga.

Hakurudi. Alifia Handeni na kuzikwa hukohuko, mbali na mwenzake. Nyumba ilibomolewa, michungwa ikakatwa kupisha fremu za maduka, na lile kaburi hakuna anayeweza kunionyesha. Chemni watoto wa siku hizi hawazijui, na maneno yale sijapata mtu wa kumwambia. Ila magharibi ikinikuta nje, popote nilipo, huingiwa na hofu kwamba kuna mtu ananipungia, nami sipo pale anaponitazamia.