Fundi Meno na Fundo

Watu wengine wakifurahia kazi ya fundi humletea kuku. Mdogo wangu aliletewa chatu. Nashukuru alikuwa chatu mchanga, mnene kama kidole gumba tu, maana angezidi hapo kidogo mimi ningehama nyumba ile na mwiko wangu mkononi.

Mdogo wangu hutengeneza meno bandia. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, na humo mna meza, mashine ya kusagia, sinki, na rafu iliyojaa vinywa vya plasta vinavyokenua mchana kutwa bila sababu. Mtaa mzima humwita Fundi Meno. Ni mpole, tena mpole wa kukera: ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Alichelewa kuoa, akaja kumwoa mama mwenye binti, na tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani ila yule binti ajione yuko kwao.

Binti alikuwa amelelewa na bibi yake mzaa mama. Likizo ile alikuja kukaa nasi kwa majaribio, kwa makubaliano kwamba shule zikikaribia kufunguliwa atachagua mwenyewe, abaki au arudi. Binti alimwita mdogo wangu "Fundi", kama wateja wanavyomwita. Chakula alipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri kabisa, kisha akaenda kukila chumbani kwake na kufunga mlango. Hakuwa na utovu wa adabu hata chembe, na hilo ndilo lililotuumiza. Mtoto mtukutu angalau ungemgombeza ukapumua.

Siku ya kwanza alipofika alitamka, kwa kupita tu, kwamba anapenda nyoka. Mdogo wangu akalitia neno hilo kibindoni. Kulikuwa na mzee mmoja, mfugaji wa nyoka, ambaye mdogo wangu alimtengenezea meno ya juu na ya chini. Mzee alipotafuna nyama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alirudi akitaka kujua amtunuku nini. Fundi akataja bila haya.

Binti alipofunua lile boksi alicheka kwa sauti, na sisi tulikuwa hatujui kwamba ana kicheko. Nyoka alikuwa amejikunja mviringo, kichwa kakificha katikati, basi akamwita Fundo.

"Fundi na Fundo," nilimtania mdogo wangu. "Sasa mmekuwa wawili."

Alicheka. Lakini wote tulijua kuna fundo jingine nyumbani mle, lile la moyoni, na hatukujua pa kuanzia kulifungua.

Basi Fundo akakataa kula. Mzee alikuwa ametupa vikinda vya panya vilivyogandishwa, visivyo na manyoya. Nilisema vikae kwenye friji ya kazini kwa Fundi au mimi nikae huko. Jioni binti alikiweka kimoja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mpaka kipate joto la kiumbe hai, akakishika kwa koleo refu na kumsogezea. (Kikombe hicho nimekifuta katika ukoo.) Fundo alikiangalia, akarudisha kichwa ndani ya mikunjo yake.

"Kasusa," alisema wifi yangu.

"Nyoka hasusi, mama."

"Kila kiumbe kinasusa. Hata wewe ulipokuwa mdogo..."

Wifi alikatiza hapo hapo. Binti alipokuwa mdogo hawakuwa pamoja.

Kwa kuwa tuliamua amesusa, tulimfanyia anachofanyiwa aliyesusa: tulimbembeleza. Kila jioni tulikusanyika kulizunguka boksi. Mdogo wangu alipiga magoti na kunong'ona, "Kula baba, kidogo tu, onja." Wifi alimulika kwa tochi ili asikose kuona chakula. Mimi nilisimama juu ya kiti mlangoni nikitoa ushauri. Asipokula, binti alimtoa na kumpapasa, tukampokezana, yaani wao wakampokezana, kisha akarudishwa tujaribu tena. Mzee alituambia kwenye simu, "Mwacheni atulie." Tukamwambia ametulia kabisa, hatumpigii hata kelele.

Siku zikaenda. Jioni moja binti alifunika boksi polepole, akasema bila hasira, "Fundo asipokula hapa, mimi na yeye tutarudi kwa bibi. Sitaki afe."

Mdogo wangu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilimwonea huruma mpaka nikashuka kwenye kiti.

Kesho yake nilimpelekea chakula cha mchana kazini, na binti akanisindikiza. Tulimkuta na mama mmoja mzee aliyekuja kujaribu meno mapya. Fundi alimpachika, akamwambia afunge na afungue mdomo, akasaga kidogo pembeni, akapachika tena. Halafu akamkabidhi kipande cha mkate laini.

"Ngoja nioshe vyombo vyangu," alisema. Akampa mgongo, akafungua bomba, na kuanza kuimba. Mdogo wangu akiimba, bawaba kavu inasikika afadhali.

Yule mama alitutupia jicho. Nikamvuta binti kwenye rafu, tukajifanya tunakagua vinywa vya plasta. Nyuma yetu tukasikia mkate ukimegwa, kimya, kisha ukimegwa tena. Fundi alikuwa anasugua kijiko kile kile ambacho tangu tuingie kilikuwa safi.

Mama alipoondoka, akitafuna na kutabasamu, binti aliuliza, "Fundi, mbona hukumtazama?"

"Aa, mtu mwenye meno mapya hali akitazamwa. Anaona haya, anaogopa yatamdondoka mbele za watu. Ukimpa mgongo, anajaribu mwe..."

Akabaki mdomo wazi kama vile vinywa vya rafuni.

"Fundo tunamtazama sote," alisema binti.

"Tena tunammulika na tochi."

"Na Shangazi yuko juu ya kiti."

"Mimi niko mbali!" nilijitetea, lakini hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wanacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza kitu kimoja.

Mchana huo na siku zilizofuata hakuna aliyemgusa Fundo. Binti alimtengenezea kijipango cha boksi la kadibodi ajifiche, akatia chupa ya maji ya moto pembeni, akafunika kila kitu kwa kitambaa cheusi. Ilipofika jioni ya kujaribu, aliweka kikinda mlangoni mwa kijipango, akashusha kitambaa, akatuamuru tukae mezani, migongo kwenye boksi.

"Na mimi nakaa hapa kuwalinda msigeuke," alisema, akavuta kiti.

Ndivyo alivyokaa kula nasi. Wifi alimpakulia wali. Binti alichota kijiko, akakiinua, akakisimamisha hewani. Sisi watu wazima watatu tulikuwa tumeacha kumtazama nyoka na kumkodolea macho yeye.

Mdogo wangu ndiye aliyegundua. Alisimama.

"Ngoja nioshe vyombo," alisema.

Vyombo tulivyotumia vilikuwa bado mezani, vimejaa chakula. Akachukua sufuria safi kabatini, akatupa mgongo, akafungua bomba, akaanza kuimba. Wifi aliinamia sahani yake. Mimi niligundua ghafla kwamba chumvi ile inahitaji kukaguliwa punje kwa punje. Nikasikia kijiko kikigusa sahani, kisha tena, kisha haraka haraka, na nikawa nalia juu ya chumvi kama mjinga.

Alipomaliza sahani yake, binti alinyanyuka akanyanyua ncha ya kitambaa. Kikinda hakikuwepo. Fundo alikuwa amejikunja, na chini kidogo ya shingo palikuwa na uvimbe mdogo mzuri.

"Fundi," aliita kwa sauti ndogo. "Unaweza kugeuka."

"Amekula?" aliuliza mdogo wangu, mgongo bado kwetu, maji bado yanamwagika.

"Tumekula."

Akafunga bomba. Akageuka, mikono inachuruzika. Binti alikuwa amerudi mezani na kusogeza sahani yake katikati.

"Niongezee kidogo," alimwambia. "Halafu Fundi, shule ya hapa inafunguliwa lini?"