Kengele ya Gari la Zuwaina

Jirani yangu Zuwaina alijifunza kuendesha gari kwa ajili ya ng'ombe. Mumewe alivunjika mguu, na hakukuwa na mtu wa kuleta majani kutoka shambani. Basi akaingia kwenye pikapu, akabomoa ukuta wao, akabomoa na kipande cha wetu, na kabla mguu haujapona alikuwa anarudi kinyumenyume hadi mlangoni kama mtu anayevaa ndara. Ukuta wetu una kiraka hadi leo. Akija kunywa kahawa hukipapasa na kusema, "Hapa ndipo nilipopatia leseni."

Siku hizi ana gari kubwa, la zamani lakini safi, na kila asubuhi huwachukua walimu wa kike kutoka hapa mjini kwetu Mudhaibi hadi shule iliyo ukingoni mwa mchanga, kule lami inakokwisha na kokoto kuanza. Mmoja wao ni binti yangu Thuraiya. Gari lingine la kwenda huko halipo. Akikosa kiti kwa Zuwaina, kazi hana.

Mimi naiogopa barabara. Thuraiya akitoka, situlii mpaka apige simu kwamba amefika. Kilichokuwa kikinipa usingizi ni kengele. Magari ya zamani ya huku kwetu yana kengele inayolia ukivuka kilomita mia na ishirini kwa saa, na hainyamazi mpaka uondoe mguu. Kila jioni nilimuuliza Thuraiya, leo imelia? Alinijibu imelia mara moja, au mbili, na Zuwaina akapunguza mwendo.

Baada ya Idi, Zahran, kaka yake Zuwaina, alimletea zawadi: rimu mpya na tairi zake, zinang'aa hadi mtu anaweza kujitazama akipaka wanja. Gari likainuka kama bibi harusi juu ya viatu vya kisigino. Zuwaina alilizungusha mtaa mzima, kazi hana, ili tulione.

Tangu siku hiyo kengele ikanyamaza. Nilifurahi. Niliwaambia wanawake wenzangu kwamba Zuwaina ametulia, nikampelekea na bakuli la halua. Lakini simu ya Thuraiya ikaanza kunikuta bado nina unga mikononi, wakati zamani ilinikuta nimeshakunja mkeka wa chai. Kengele kimya, na gari linafika mapema. Nikasema moyoni, hapa kuna waya umekatwa.

Nikaenda kwake.

"Zuwaina dada yangu, kengele umeifanya nini?"

"Ipo mahali pake. Ni mimi niliyeacha kuichokoza."

"Mbona basi mnafika mapema?"

"Kwa dua zako."

"Niambie kweli. La sivyo, kesho Thuraiya hapandi."

Tabasamu likamfutika usoni. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba Thuraiya akishuka, mama za wale wengine watauliza sababu. Akaweka kikombe chini polepole.

"Kesho panda wewe, Mama Thuraiya. Kaa mbele. Macho unayo, masikio unayo, na ulimi Mungu kakuzidishia."

Nikapanda. Walimu wakabanana nyuma. Tulipofika kwenye lami iliyonyooka nilikodolea macho mshale. Ulisimama kwenye mia na kumi na tano, ukatulia hapo. Kengele kimya. Zuwaina akanitazama kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeshinda kesi.

Thuraiya akawasha simu yake, ambayo nayo hupima mwendo. "Khalti," akamwambia Zuwaina, maana humwita mama mdogo, "huku inasema mia na ishirini na nne."

"Hiyo simu yako ina haraka ya kuolewa."

Lakini mguu uliondoka kwenye mafuta. Alisimamisha gari pembeni, akashuka, akazunguka gari mara moja. Kisha akalishusha tairi la spea, lile la asili ambalo Zahran hakulibadilisha, akalisimamisha kando ya lile jipya. Jipya lilikuwa refu kwa vidole vitatu.

Hapo nikaelewa. Mume wangu Hilal ni mrefu. Tukienda sokoni yeye hupiga hatua chache, mimi nyingi, na tunafika pamoja. Gari huhesabu mizunguko ya tairi. Halijui kwamba siku hizi kila mzunguko ni hatua ya Hilal.

"Kumbe nakimbia kama vijana," Zuwaina akasema, "na mimi nadhani nimekuwa mtu mzima."

Jioni tulikwenda kwa fundi wa tairi. Alifungua mlango wa dereva kutafuta kibandiko chenye saizi, asikione, kwa sababu Zuwaina alikuwa amebandika dua ya safari juu yake. Wakaibandua dua kwa adabu, wakaihamishia juu. Rimu ya gari lile ni inchi kumi na sita. Zahran alikuwa amefunga za kumi na nane, na tairi nene vilevile.

"Rimu ikikua, mpira upungue, kimo kibaki kilekile," fundi akasema. "Lakini mpira mwembamba kwenye kokoto, utakuja kwangu kila wiki rimu imepinda. Zile za zamani ziko wapi?"

Tukatazamana. Za zamani Zuwaina alikuwa amempa Hilal. Tatu zilikuwa stoo. Ya nne Hilal aliivua mpira ili aifanye jiko la mishkaki, na wageni walikuwa wamealikwa jioni hiyohiyo. Kuitumia spea badala yake haikufaa, maana kwenye kokoto huendi bila spea.

Tulimkuta uani, mkaa umeshajazwa, kiberiti mkononi. Zuwaina hakungoja hata salamu kujibiwa. Aliiinua rimu, mkaa ukamwagika miguuni mwa Hilal.

"Na nyama yangu?" Hilal akauliza.

"Kachomee kwa Zahran."

Kesho yake nilikuwa nimeshakunja mkeka simu ilipolia.

"Tumefika, mama. Imelia mara moja."

Rimu zinazong'aa ziko stoo kwa Zuwaina, zimefunikwa shuka. Anasema atazitafutia mpira mwembamba azifunge siku ya harusi ya Thuraiya, maana njia ya ukumbini haina kokoto. Mchumba mwenyewe bado hatujamwona.