Vidole Vinne vya Upana

Mimi ni fundi pikipiki hapa Bariadi, na sisi mafundi tuna tabia moja tunayoijua wenyewe: kosa halijawahi kuwa letu. Ni spea feki, ni mafuta machafu, ni mteja aliyepakia magunia sita. Kwa hiyo nikisema kwamba yaliyompata mama yangu ni kosa langu, naomba nisibishiwe. Nimeshajaribu visingizio vyote na hakuna hata kimoja kilichonienea.

Chombo chenyewe kilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, ile ya michezo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuruka matuta. Mwenye kambi moja ya wageni upande wa Lamadi aliichoka, akanipa baada ya kumfanyia kazi zake za msimu mzima. Watu wa mtaani waliiita Chura kwa jinsi ilivyochuchumaa, na jina likashika. Nami nikampenda Chura kijinga. Nilipanga kwenda naye nyumbani Migato mwisho wa kila wiki, kwa kuwa masika yakianza udongo wetu mweusi hunata kama ugali mbichi, gari halipiti na pikipiki ya kawaida inalala.

Shida ilikuwa njia. Njia ya kwetu imechimbwa na mikokoteni ya ng'ombe. Magurudumu yamepita palepale miaka nenda rudi, yakaacha mifereji miwili mirefu na tuta katikati. Mikokoteni yote ya kwetu ina upana mmoja, maana anayetengeneza mpya kwanza huenda na kamba kupima wa jirani. Chura alikuwa mwembamba kuliko mifereji hiyo. Gurudumu la kushoto likiingia mferejini, la kulia linapanda tuta, nawe unaendesha umeegemea upande kama mtu anayechungulia dirishani kwa watu. Alinibwaga mara mbili kwenye tope, na mara ya pili watoto wa shule walikuwepo kushangilia.

Nikaamua kumpanua. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijana wa Ulaya wakifanya hivyo ili vyombo vyao visipinduke kwenye kona, na mimi ni nani nishindwe? Nilianza na rimu za nyuma. Ndani ya rimu kuna sahani yenye matundu ya nati, na sahani hiyo haikai katikati, iko karibu na upande wa nje, ndiyo maana gurudumu linazama ndani kuelekea injini. Ukiigeuza rimu, ya ndani ikawa nje, gurudumu zima linasogea nje bila kununua kitu chochote. Mbele nikachomelea mikono mirefu zaidi, ile inayolishika gurudumu na kuliacha lipande na kushuka pamoja na shokapu. Fundi mwenzangu alinionya kwamba uzito ukikaa mbali na beringi, beringi hazidumu. Nilimwambia beringi zinauzwa madukani, aendelee na kazi yake.

Kisha nikapima, nikapima kama watu wa kwetu wanavyopima mkokoteni: kamba, kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya gurudumu. Kamba nilikuwa nimeikata kwa kipimo cha mkokoteni wa marehemu baba. Gurudumu la mkokoteni ni jembamba, kwa hiyo ukingo wake wa nje hakuna anayeuhesabu. Tairi la nyuma la Chura lina upana unaozidi shubiri. Tena nilipima akiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, wakati kila fundi anajua kwamba chombo kikishushwa na kubeba watu, mikono ya mbele inalala na magurudumu yanatanuka zaidi. Nilijua yote hayo. Lakini kamba ililingana na mifereji, nikaridhika, nikaenda kula.

Jumamosi iliyofuata nilifika Migato asubuhi na mapema, nikiwa nimevuka mto kwenye mchanga, mahali ambapo maji yalikuwa hayazidi kifundo cha mguu. Chura alitembea ndani ya mifereji kama treni. Nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa naona aibu.

Saa nne hivi, mama na dada yangu wakiwa kwenye palizi ya pamba, moma alimwuma mama juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Moma ni nyoka mnene, mvivu, hakimbii hata ukimkaribia, na mama alimkanyaga akiwa anavuta magugu. Dada akapiga mwano. Kwetu mwano ukisikika, ule ukelele wa hatari, mtu huacha jembe, huacha chakula mdomoni, na asiyekuja ana kesi ya kujibu. Nilipofika shambani mguu ulikuwa umeanza kuvimba, na mama alikuwa amekaa chini, ameuma kitambaa cha kichwa.

Wanaume kumi na zaidi walifika kwa muda mfupi sana. Walikuja na kitanda cha kamba na miti miwili ya kukibebea, kama inavyofanyika tangu zamani: wanne wanabeba, wanne wanangoja zamu, wanakimbia mwendo wa mchakamchaka hadi barabara kubwa. Aliyewaongoza alikuwa jirani yetu, mpasua mbao, mtu wa maneno machache.

"Mlaze mayu hapa," aliniambia; mayu kwetu ni mama. "Mto umejaa, sisi tutapita darajani."

"Hapana, baba. Kitanda cha nini? Nina chombo. Dakika ishirini niko barabarani."

"Daraja lile unalijua?"

"Mikokoteni inapita, mimi nishindwe? Rudini tu mkaendelee na palizi."

Nilisema hivyo. Niliwaambia watu walioitikia mwano warudi wakaendelee na palizi. Jirani alinitazama, akamtazama mama, akawaambia wenzake wainue kitanda. Wakaondoka, na mimi nikaona nimewapunguzia kazi.

Tulimfunga mama nyuma yangu kwa khanga, dada akakaa nyuma yake akiushika mguu usiguse chochote. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na pale mchangani nilipovuka asubuhi palikuwa na maji ya rangi ya kahawa yanayobeba magogo. Nikageuza kwenda darajani. Ni daraja dogo la zege, na mdomoni mwake kijiji kilisimika nguzo mbili nene, malori ya mchanga yasipite yakalivunja. Mikokoteni hupita katikati ya nguzo hizo bila kugusa.

Magurudumu ya mbele yalipita yakisugua nguzo pande zote mbili. Nilisikia ule msuguano na nilijua maana yake, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaongeza moto. Yale ya nyuma yaliingia nusu yakakwama. Nikaongeza moto tena. Raba zikajibana kwenye zege, zikatoa moshi, zikaingia kidogo zaidi na kuganda. Niliweka mkono kukadiria upana uliozidi: vidole viwili upande huu, viwili upande ule. Vidole vinne vya mkono wangu mwenyewe.

Chura hakuwa na gia ya kurudi nyuma. Vyombo vya aina yake vingi havina, vimeumbwa kwenda mbele tu. Nilishuka, nikavuta, nikasukuma. Nati za magurudumu zilikuwa zimefunikwa na nguzo, spana haiingii. Nikapata wazo la kutoa upepo. Nikatoa upepo wa tairi zote mbili, na chombo kikashuka kidogo, na ukingo wa rimu, zile rimu nilizozigeuza kwa mikono yangu, ukagusa zege chuma kwa zege. Sasa nilikuwa nimekwama na sina upepo. Nilipiga rimu kwa jiwe mpaka ngozi ya vidole ikatoka.

"Bado?" mama aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

Simu haikuwa na mtandao pale bondeni. Nilimfungua mama, nikajaribu kumweka mgongoni nivuke naye kwa miguu, ingawa barabara ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa moja kwenye tope. Mguu uliponing'inia alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, wala siku baba alipofariki. Nikamlaza chini kwenye zege. Ngozi ya mguu ilikuwa imekaza, inang'aa, rangi imeanza kubadilika juu ya kifundo.

"Nenda kawaite," nilimwambia dada.

"Umewafukuza, kaka."

"Nenda!"

Alivua ndala, akakimbia. Nilibaki na mama. Nikapiga mwano mimi mwenyewe, mara moja, mbili, tano, sauti ikipotea kwenye kelele za maji. Nililia, na sikujificha. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema, lakini hili nililichuma mimi peke yangu na aliyekuwa analila alikuwa mama peke yake. Yeye alinishika kidole gumba kama anavyoshika mtoto anayevuka njia, akawa anauliza, "Bado?" kila baada ya muda, na kila mara nikasema bado kidogo. Kisha akaacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Watu walikuwa wamesharudi mashambani, wengine mbali. Kuwakusanya, kuchukua kitanda, kufika, jua lilikuwa limepita utosini. Jirani alikuja mbele akiwa na jembe bado mkononi, hakuwa amepata nafasi ya kuliweka. Nikaanza kumwomba radhi.

"Shika mguu wa kitanda," alisema. "Maneno baadaye."

Walikipitisha kitanda juu ya Chura, wengine wamepanda juu ya kiti chake, wengine juu ya injini, wakimpokezana mama kama watu wanaopitisha kitu dirishani. Tulikimbia. Nilikuwa kwenye wanne wa kwanza na nilikataa kutoa zamu yangu mpaka nilipoanguka, wakaniruka wakaendelea. Barabarani tulipata gari. Tulifika hospitali saa kumi jioni, miguu yetu yote ni tope tupu.

Walimpa dawa, akaishi. Mguu haukuishi. Waliungoja siku tisa, kisha daktari, kijana mpole, akaniita pembeni akanieleza kwamba nyama imekufa hadi juu na watakata chini ya goti. Nilimwuliza kama tungewahi ingekuwaje. Alisema hawezi kuniambia kwa hakika. Nilimwuliza tena, akatazama chini, akasema kuwahi husaidia.

Mama alirudi Migato na magongo, na wageni wakaanza kuja kumpa pole. Ndipo yakaanza haya ambayo yananila mpaka leo. Kila mgeni akishamaliza kusalimu, mama humwambia habari moja: "Huyu mwanangu ndiye kaniokoa. Asingekuwepo siku ile na pikipiki yake, mngekuja kunizika." Aliwaambia majirani, aliwaambia ndugu waliotoka Maswa, alimwambia mchungaji. Aliwaambia hata wanaume waliobeba kitanda, na wao wakaitikia, "Kweli, mayu, kweli." Jirani mpasua mbao alikuwepo, akainamia uji wake. Mimi nilitafuta sababu za kutoka nje.

Nilivumilia miezi mitatu. Siku moja dada alikuwa kisimani, mama amekaa kwenye mkeka anachambua choroko, kile kisiki cha mguu amekinyoosha mbele yake. Nilipiga magoti.

"Mama, usiwaambie watu tena kwamba nilikuokoa. Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Watu walikuja na kitanda, nikawarudisha. Mguu wako nimeukata mimi."

Hakuacha kuchambua.

"Nilikuwa macho, ng'wanone, mwanangu," alisema. "Niliumwa mguu, sikuumwa masikio. Nilimsikia alipokuuliza habari za daraja, na nilikusikia ulivyomjibu."

"Sasa kwa nini unawaambia hivyo?"

Aliinua uso akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira, ningefurahi yangekuwa nayo.

"Hawa ndio watu utakaobaki nao mimi nikishaondoka," alisema. "Ulitaka niwaambie nini?"

Alinisogezea ungo, nikakaa tukaendelea kuchambua.